Nimealikwa kula nyumbani kwa watu Addis Ababa, naombeni ushauri

BintiPongwe
Habari zenu. Nipo Addis kwa mafunzo ya wiki tatu, na mayai ya hotelini yamenikinaisha. Dada mmoja wa darasani kanialika kwao Jumatano, mama yake ndiye mpishi. Moyo unataka. Lakini mimi Mwislamu, wao Waorthodoksi, nyama waliyochinja wao siwezi kula. Nitasemaje bila kumvunja moyo mama wa watu? Halafu injera, ule mkate wao mwembamba kama chapati, nilionja juzi, uchachu ule jamani, nilidhani imeharibika. Na jingine: kaniandikia kwa Kiingereza nifike "7". Saa moja ya usiku, mji mgeni, narudije?

MzeeWaBole
Mdogo wangu, nimeishi huko miaka minne. Kwanza saa: Wahabeshi wanahesabu kama sisi, kuanzia alfajiri. Hiyo 7 huenda ni saa saba mchana. Muulize, maana wengine wakiongea na wageni hubadili.

Pili, una bahati na siku. Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa: hakuna nyama, maziwa, mayai wala siagi. Utawekewa dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), sukuma, viazi, vyote kwa mafuta ya mimea. Na hata siku ya nyama usingeona haya kusema. Kule Mwislamu hali nyama ya Mkristo, na Mkristo hali ya Mwislamu, tangu babu zao, hakuna anayenuna.

Injera si chapati, usiitafune tupu. Unga wa teff, nafaka yao ndogo ndogo, unakaa siku mbili tatu uchachuke ndipo upikwe. Chukua kipande, kumbatia shiro, kwa mkono wa kulia. Ule uchachu ndio unaokata pilipili ya berbere.

Mama Kibibi
Usipeleke keki! Ina mayai na siagi, utawapa mtihani. Peleka kahawa mbichi kilo moja na sukari. Wakileta tej, hiyo ni pombe ya asali. Omba birz, asali na maji isiyochachuka. Na mtu akikulisha kwa mkono wake, fungua mdomo, dada. Wanaita gursha, ni heshima.

BintiPongwe
MREJESHO. Ilikuwa saa saba mchana! Ningekwenda usiku ningekuta masufuria yameoshwa.

Sinia moja, injera imetandikwa chini, juu vilima vya rangi rangi. Shiro ndiyo iliyoniteka: ule unga wa jamii ya kunde uliochemka mpaka ukawa mzito, ukaletwa bado unatokota kwenye chungu. Uchachu sikuusikia tena, au niliusikia nikaupenda, sijui. Ila ile pilipili... mimi mtoto wa Tanga nimezoea mbuzi, nikatoka jasho puani.

Mama alinilisha gursha tatu, kubwa, shavu limejaa kama anayetafuna mua. Nikaona yeye mwenyewe hali. Nikamuuliza binti, akasema mama hagusi chakula siku ya mfungo mpaka saa tisa. Kumbe ananilisha mimi na tumbo lake tupu. Nikataka kuacha, akanikazia macho, nikafungua mdomo.

Kahawa yangu aliipokea kwa mikono miwili, akaikaanga pale pale mbele yetu, majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, bisi pembeni. Vikombe havina mkono, kama vya wauza kahawa wetu. Raundi ya kwanza abol, ya pili tona, na ya tatu wanaiita baraka. Baraka kabisa, kama tunavyosema nyumbani! Nilikuwa nimeshashika mkoba niage kwenye tona, binti akanivuta gauni nikae.

Saa tisa ilipogonga mama akavuta sinia kwake. Nikakata kipande cha injera, nikakumbatia shiro, nikamlisha. Kacheka mpaka kashika mbavu, ati nimekikunja vibaya.

MzeeWaBole
Gursha ya kwanza ya kila mtu humwagika. Ijumaa unakwenda tena?

BintiPongwe
Nimeshaambiwa. Saa saba.