Naomba ushauri: mazoezi ya alfajiri na vipindi vya kidato cha nne

Ndugu walimu na viongozi wa shule, poleni na majukumu.

Baada ya miaka mingi katika sekondari za kawaida, sasa ni mkuu wa shule binafsi ya bweni mkoani Manyara inayolea wakimbiaji chipukizi. Mazoezi huanza saa 11 alfajiri, na ifikapo kipindi cha pili nusu ya kidato cha nne wamelaza vichwa juu ya madaftari, ilhali mtihani wa taifa ni Novemba. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa umri huu. Wetu, kwa sababu ya masomo ya usiku, hawapati hata 7. Nilihamishia hisabati baada ya chai ya saa 4, hali ikapata nafuu kidogo, lakini kocha (ambaye, kusema kweli, wazazi humsikiliza kuliko mimi) hakubali kusogeza mazoezi, kwa hoja kwamba jua likipanda wakimbiaji huchoka mapema, nami siwezi kuipuuza.

Je, mliowahi kuongoza shule za namna hii mlipunguza masomo ya usiku au mazoezi ya alfajiri? Na mwanafunzi anaposhuka kitaaluma wakati wa mashindano, kauli ya mwisho huwa ya mkuu wa shule au ya kocha?