Ushauri: Naandika tamthilia ya Mekatilili, lakini maandishi ni ya waliomfunga

Binti_Malindi: Hamjambo wana jukwaa. Naandika tamthilia fupi ya Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama wa pwani ya Kenya aliyewapinga Waingereza, kwa kikundi chetu cha akina mama. Nataka yeye ndiye asimulie mwaka 1913, si Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza aliyedai kodi ya nyumba na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi mashambani. Shida ni kwamba mengi ninayosoma yametoka kwa Champion huyo huyo, na kwake Mekatilili ni mchochezi tu. Nina haki ya kumtungia mawazo? Na kisa cha kuku na vifaranga, nilichokisikia kwa bibi zetu tu, nikiingize?

Mzee_Magarini: Kiingize, mwanangu. Alimwambia mzungu ajaribu kumnyang'anya kuku kifaranga, kuku akamdonoa, mzungu akampiga kuku risasi. Msimulizi aseme "tuliambiwa", basi.

Somo_Kilifi: Dada, anzia kwenye kifudu. Ile ni ngoma ya matanga, na mama huyu mjane aliizungusha vijijini akikusanya watu hadi Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, wakala viapo: wanawake kiapo kiitwacho mukushekushe, wanaume kiapo kiitwacho fisi. Hapo huna haja ya kumtungia mawazo, maana anachokitenda kinatosha kusema. Ila nakuomba sana, usimsimamishe peke yake akihutubia. Wanawake walioapa naye walikuwa na wana wao wa kupoteza, na ni hao wanaosahaulika kila mara. Ripoti ya Champion isomwe na mwanamume aliyesimama pembeni, nao wamjibu kwa wimbo.

Kalume_M: Usiwasahau wazee wa Kigiriama waliofanya kazi na serikali. Mama amtazame vipi jirani anayemhesabia nyumba ili alipe kodi? Mimi ningekaa hapo muda mrefu.

Binti_Malindi: Asanteni mno. Sasa niishie wapi? Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadori, mwenzake katika upinzani, wakapelekwa mbali magharibi mwa Kenya, wakatoroka wakarudi. Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Nikiishia kwenye mlipuko, naona nimewaachia Waingereza neno la mwisho.

Mzee_Magarini: Usiishie hapo. Alikamatwa tena, lakini 1919 alirudi kwao, akaongoza baraza la wanawake pale pale kayani. Kaburi lake liko Bungale, huku kwetu Magarini. Kabla hujaandika onyesho hilo, nenda ukawaone watu wa ukoo wake, uwaombe ruhusa.