Naomba ushauri: Tuwapime vipi mabondia wa uzito wa juu wa enzi tofauti?

Wakuu, salaam kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Vijana ninaofanya nao mazoezi ya ngumi wameniomba niongoze mjadala wa nani angeshinda kati ya Rocky Marciano na Tyson Fury, nami naomba mnisaidie kupata kigezo cha haki. Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, lakini alipanda ulingoni akiwa na kilo 85 hivi, ilhali Fury ana urefu unaozidi mita 2 na uzito unaopita kilo 110. Je, tumchukue Marciano kama alivyokuwa, au tumpe lishe na mazoezi ya leo? Kadhalika, pambano liwe la raundi 15 za zamani, ambazo naamini zingemfaa yeye, au 12 za sasa? Binafsi sikubali kwamba umbo kubwa linamaliza hoja, kwa kuwa Oleksandr Usyk, aliye mdogo kuliko Fury, alimshinda mara mbili mwaka 2024, na katika raundi ya 9 ya pambano la kwanza alimyumbisha vibaya kwa ngumi za mkono wa kushoto. Hata hivyo, Usyk naye ana takriban kilo 100, na hapo ndipo ninapokwama. Ninyi mngeanzia wapi?