Sherehe ya somo wa jumuiya Jumamosi, kipindupindu kimeingia mtaani, na mwenyekiti ni mama mkwe wangu

MamaVero_Bwy

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, ila nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Niko Bagamoyo, mtaa siutaji. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Mtakatifu Monika. Kwenye daftari tuna familia 22, zinazokuja kusali ni kama 13, hizo nyingine tunaonana misibani. Somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni tarehe 27 Agosti, sherehe tukaisogeza hadi Jumamosi inayofuata ili walioko makazini wawepo. Michango imekusanywa tangu Juni, elfu kumi kila familia. Mchele umeshanunuliwa. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, anamaliza kisamvu cha jirani.

Wiki iliyopita, nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti, wametolewa watu wawili wakapelekwa kambini, kwenye kambi ya wagonjwa. Kipindupindu. Bwana afya kapita na kipaza sauti. Jumapili paroko akatangaza: amani tupeane kwa kuinamisha kichwa, Komunyo tupokee mkononi, na vile vyombo vya maji ya baraka mlangoni tulivikuta vimekaushwa na kufunikwa. Kuhusu jumuiya akasema tu "tumieni busara". Sasa busara ya nani, baba?

Maana mwenyekiti ni mama mkwe wangu, na sherehe iko kwake. Ana miaka 71, WAWATA (wanawake Wakatoliki) wa siku nyingi, kitenge cha sherehe kimeshapigwa pasi. Juzi niligusia tu kwamba labda tuahirishe, akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kabisa akasema, "Mama Vero, mimi Mungu wangu hajawahi kuniaibisha mbele ya wageni." Nikanyamaza.

Kuna jambo lingine sijamwambia mtu. Jumuiya ya Alhamisi ile kabla ya tangazo, mgawaji wa juisi ya ukwaju nilikuwa mimi. Bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya nne, tukatumia ya kisima. Ndoo ya bluu ya lita 20, kikombe kimoja cha plastiki kilichokatika mkono. Kwa hiyo kila nikichota, vidole vinaingia kwenye juisi mpaka kwenye pete. Na nilikuwa nimetoka kumbadilisha mdogo wake Vero nepi, nikanawa kwa maji ya kopo tu, sabuni sikuiona nikasema basi. Jumamosi Vero akaharisha. Zahanati wakasema tumbo la kawaida, akapona, lakini zile siku mbili sikulala. Kila nikifumba macho naona pete yangu ndani ya ukwaju.

Nauliza mawili. Kuahirisha ni kukosa imani? Na mama mkwe anaambiwaje, mkaza mwana akabaki na ndoa yake?

Kibuyu_cha_Ukuni

Ahirisheni. Mbuzi atafurahi.

NesiWaZamu

Dada, pole. Hilo la pete liache kwanza, nisikilize.

Kipindupindu kinaingia kwa mdomo kutoka kwenye kinyesi, hakuna njia ya heshima ya kulisema. Maji, chakula, mikono. Na wengi wanaobeba vijidudu hawaumwi kabisa, wanatembea, wanasalimia, wanapika pilau. Mtu anaweza kuvitoa chooni siku kadhaa bila kujua. Kwa hiyo hoja ya "sisi hapa hatuna mgonjwa" haina uzito. Tangu mtu ameze mpaka aanze kuharisha ni saa chache hadi siku tano, maana yake Jumamosi mkila pamoja, Jumatano mnaweza kuwa bado mnahesabiana.

Kinachonitisha kwenye sherehe si misa. Ni kachumbari, ubwabwa unaopikwa alfajiri na kuliwa saa nane, sinia moja watu sita, na ndoo yenu hiyo. Chakula kikiwa cha moto kweli kweli, kimetoka jikoni sasa hivi, hatari inapungua sana. Lakini nionyesheni sherehe ya watu 80 ambayo kila mtu anakula cha moto.

Maji ya kisima chemsheni mpaka yatokote, au tieni dawa ya maji msubiri nusu saa. Mkiona mtu anaharisha kama maji ya mchele, msimpe mkaa wala dawa ya jirani. Pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na kama hakuna, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari visawazishwe, nusu kijiko cha chumvi, anywe huku mkimkimbiza kituoni. Anayekufa kwa kipindupindu anakufa kwa kukaukiwa, na inaweza kuwa ndani ya saa chache. Ukikwama piga 199, ni bure.

Mfuasi_72

Ndiyo maana nchi haibarikiwi. Kila kitu bwana afya, bwana afya. Mwaka 2020, korona ilipokuja, wenzetu duniani walifunga makanisa, sisi tukasali, Pasaka tukala, nani alikufa? Huyo mama mwenyekiti ndiye Mkatoliki, nyie wengine ni wa kwenye daftari.

Kibuyu_cha_Ukuni

Nani alikufa? Mkuu ulikuwa nchi gani?

Raskazone

@Mfuasi_72 sitaki kubishana na mtu mzima, ila hilo usilirudie. Mwanzoni mwa 2021 maaskofu wenyewe waliandika barua kutuonya kwamba nchi yetu si kisiwa. Machi mwaka ule katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, akasimama mbele ya waandishi akasema ndani ya miezi miwili wameondoka mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Hao walikuwa wanasali kuliko mimi na wewe. Mimi niko Tanga, na parokiani kwetu ilifika mahali mkisikia kengele siku isiyo ya misa mnatazamana.

Kateki_Mstaafu

Mama Vero, tumsifu Yesu Kristo.

Nimefundisha dini miaka mingi, nikupe kidogo nilicho nacho. Mtenganishe misa na pilau. Mtakatifu Monika anaheshimiwa kwa misa, na kwa sala yenu pale nyumbani. Pilau ni furaha yetu sisi, nzuri sana, naipenda, lakini haimo kwenye kitabu cha misa. Ukiiahirisha hujaahirisha ibada yoyote.

Halafu Kanisa lenyewe si gumu kama watu wanavyolifanya. Hata misa ya Jumapili, ambayo ni amri, Katekisimu namba 2181 inasema mwenye sababu kubwa anasamehewa, na mifano inayotaja ni ugonjwa na kulea watoto wachanga. Mpako wa wagonjwa nao, ambao tumezoea kidole cha padre kwenye paji la uso, kanuni ya 1000 ya Sheria za Kanisa inamruhusu kutumia kifaa kukiwa na sababu nzito. Mimi nimemwona padre akipaka kwa pamba, kisha pamba ikachomwa. Hakuna aliyesema sakramenti imepungua.

Mwaka 1576 tauni ilipoingia Milano, Askofu Mkuu Karolo Boromeo alisimamisha altare kwenye njia panda, waliofungiwa majumbani wakafuata misa kutoka madirishani. Na huyu hakukimbia wagonjwa, aliwaendea. Ni mtakatifu, na hakuwakusanya watu.

Hapa hapa kwetu Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Mwaka uliofuata kipindupindu kikaipiga Zanzibar na pwani. Siku moja pita misheni, upite ule mbuyu mkubwa, ingia makaburini usome ile miaka kwenye misalaba, kisha uniambie kama imani inazuia ugonjwa.

Ila usimsomee mama mkwe haya yote. Ukimwendea na kanuni atakuona unamfundisha katekisimu aliyokufundisha yeye.

BintiDunda

Mimi Muislamu lakini naruhusiwa kuchangia? Wiki jana tulikuwa na hitma ya babu. Bwana afya akasema someni, msipike. Tumesoma, tumeomba dua, tukaagana kwa mdomo, watu wakaondoka na njaa zao. Kuna shangazi yetu mpaka leo hasemi na sisi. Sawa. Lakini hakuna aliyeanguka.

Kuhusu mama mkwe: kwetu pwani mkaza mwana haendi mwenyewe. Unatuma mtu. Tafuta anayelingana naye umri, anayeweza kumtania. Na mwanawe yuko wapi? Naona kwenye uzi huu mume hajatajwa hata mara moja.

MamaVero_Bwy

@BintiDunda karibu sana, dini si hoja. Mume yupo. Nilimwambia, akasema, "Mambo ya jumuiya mnayajua nyie wanawake." Akachukua baiskeli.

@NesiWaZamu asante. Kachumbari nyanya tayari zimenunuliwa, lakini nimekuelewa.

Kibuyu_cha_Ukuni

Huyo mume ndiye wa kuahirishwa.

Mzee_Kingani

Binti yangu, nimeoza watoto wanne, nawajua mama wakwe. Mama yako huyo haogopi kukosa pilau, anaogopa kurudisha michango. Watu wa jumuiya watasema mwenyekiti kala. Wewe ndiye katibu, daftari liko kwako. Mpelekee hesabu iliyonyooka: kilichoingia, kilichonunuliwa, kilichobaki, na mapendekezo ya kila senti iende wapi. Ukimwondolea aibu hiyo atakusikiliza mengine yote. Na umpe yeye ndiye atangaze. Isionekane umempindua.

Kateki_Mstaafu

Nilisahau moja, na ni ya msimamizi wenu mwenyewe. Mtakatifu Agustino anasimulia kwamba mama yake, Monika, alipoolewa alimkuta mama mkwe aliyejazwa maneno na vijakazi, akawa mkali kwake. Monika hakubishana. Akavumilia kwa upole mpaka yule mama mwenyewe akaenda kumwambia mwanawe nani walikuwa wanachonganisha. Basi mmekaa chini ya mtu anayejua kazi hiyo.

Mfuasi_72

Mimi sikusema watu wasinawe mikono. Nilisema imani.

NesiWaZamu

@Mfuasi_72 basi hatujapishana sana, mkuu. Nawa halafu uamini.

MamaVero_Bwy

Mrejesho, na naandika harakaharaka kabla umeme haujakatika.

Nilifanya kama Mzee Kingani alivyosema. Jana jioni nikaenda na daftari. Nilimkuta jikoni kwake, nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea hesabu mstari kwa mstari. Hakusema kitu. Alipoona kila jina lina tiki yake akauliza, "Na mbuzi?" Nikamwambia mbuzi haozi, mama. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Hapo ndipo nikamwambia habari ya kikombe na vidole. Sikupanga. Yalitoka tu, na machozi yakatoka. Nilitegemea anigombeze. Akanyamaza, kisha akaniambia mwaka ambao mume wangu hajazaliwa bado, alizika mdogo wake kwa kipindupindu, na waliomzika walikuwa watu wa afya, familia ikasimama mbali. Miaka yote hii sijawahi kulisikia. Mume wangu naye nilipomuuliza, hajui.

Tumekubaliana hivi. Misa Jumamosi asubuhi iko palepale, ila kanisani, siyo uani kwake. Paroko amekubali, na kwenye maombi tutawataja waliopo kambini. Hakuna kupika. Mchele unapimwa na kila familia inaondoka na wake mkavu, hata zile tunazoonana misibani, hilo amelisema yeye na mimi nilitaka kubisha nikajizuia. Nyumba ile ya tatu itapelekewa sabuni na dawa ya maji. Mbuzi anasubiri, na kisamvu cha jirani tumelipia elfu tano. Nyanya nimekaanga.

Leo asubuhi mama kapeleka ndoo ya bluu kwa fundi bomba, imetobolewa chini na kuwekwa koki. Kikombe kamrushia mbuzi, naye kakitafuna.

NesiWaZamu

Safi sana. Ndoo ina mfuniko lakini?

MamaVero_Bwy

Ina sinia. Mfuniko kasema atanunua Jumatatu.

NesiWaZamu

Kesho, dada. Siyo Jumatatu.