Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa mama wa miaka 34: je, atenololi na aspirini zinatosha?

Swali kutoka kwa afisa tabibu, kituo cha afya

Ndugu wanataaluma, naomba ushauri wenu. Juzi nilimpokea mama wa miaka 34 anayelalamika kwamba moyo unamwenda mbio na pumzi zinamwishia akipanda kilima cha kwenda shambani. Mashine ya shinikizo la damu ilinipa vipimo vitatu visivyokaribiana, nikadhani imeharibika, mpaka nilipomshika kifundo cha mkono nikakuta mapigo yanakuja bila utaratibu wowote, mengine yenye nguvu na mengine hafifu. Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) alichofanyiwa hospitali ya wilaya hakionyeshi mawimbi ya P, yaani alama za vyumba vya juu vya moyo kufanya kazi, na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Shinikizo nililopima kwa stetoskopu ni 110/70, hajazimia wala hana maumivu ya kifua. Mwenzangu anashauri nimpe atenololi ya kupunguza kasi ya moyo na aspirini, kisha arudi baada ya mwezi mmoja. Je, hilo linatosha?

Jibu la daktari, hospitali ya rufaa ya mkoa

Ndugu yangu, vidole vyako vimefanya kazi ambayo mashine isingeweza, kwa sababu mashine nyingi za shinikizo hukosea pale mapigo yanapokuwa hayalingani. Unayoyaeleza ni mpapatiko wa atria: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, damu hutuama, huganda, na bonge likichomoka na kufika kwenye ubongo huleta kiharusi. Msikilize moyo kwa dakika nzima huku muuguzi akihesabu mapigo ya mkono kwa wakati huohuo, kwani mapigo mengine hayafiki mkononi, na kasi unayopaswa kuitibu ni ile ya moyoni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umri wake. Kwa mzee mwenye shinikizo la juu la damu ningeridhika kwamba chanzo ni shinikizo hilo, lakini mama wa miaka 34 katika mazingira yetu lazima achunguzwe valvu ya mitrali, yaani mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambao homa ya rumatiki ya utotoni huweza kuuharibu. Muulize kama utotoni aliwahi kuugua mafindofindo mara kwa mara, au viungo kuvimba kimoja baada ya kingine. Mlaze ubavu wa kushoto, uweke upande wa kengele wa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, usikilize mngurumo wa chini, ambao ni rahisi sana kuukosa chumba kikiwa na kelele. Mpime pia tezi ya thairoidi pale inapowezekana.

Atenololi inafaa kama hana pumu na mapafu yake hayana maji, na kwa mwenye valvu iliyobana ina faida ya pekee, kwani moyo ukienda polepole damu hupata muda wa kupita kwenye mlango huo mwembamba. Aspirini, hapana. Haimkingi vya kutosha dhidi ya kiharusi, na inaweza kumtoa damu. Valvu ikithibitika kubana kwa kiwango cha kati au zaidi, anahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, bila kusubiri kujumlisha alama za hatari ya kiharusi, kwa sababu alama hizo hazikutengenezwa kwa wagonjwa wa aina yake. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioathiriwa na homa ya rumatiki, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo usingoje mwezi: anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti wiki hii. Akizimia, akipata maumivu ya kifua, au namba ya juu ya shinikizo la damu ikishuka chini ya 90, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Jibu la mfamasia

Naongeza la dawa. Kabla ya warfarini, mpimeni ujauzito na mzungumze naye kuhusu uzazi wa mpango, kwa kuwa dawa hii inaweza kudhuru kiumbe, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Lengo la INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ni kati ya 2 na 3. Metronidazo, kotrimoksazoli na flukonazo hupandisha INR haraka, ilhali rifampisini huishusha, na hizi zote ni dawa tunazoziandika kila siku. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo aiache. Mchicha na kisamvu asikatazwe, bali ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika, ili INR isiyumbe.

Afisa tabibu

Nawashukuru sana, Daktari na ndugu mfamasia. Leo tumemhesabu mapigo tukiwa wawili kwa pamoja: moyoni 134, mkononi 102. Amekumbuka kwamba akiwa darasa la nne magoti na vifundo vilimvimba, akakaa nyumbani muhula mzima. Mapafu yake ni safi, hana pumu, na kipimo cha ujauzito ni hasi. Nimemwanzishia atenololi miligramu 25, aspirini sikumpa, na kesho asubuhi anasafiri kwa rufaa akiwa na karatasi yake ya ECG mkononi.