Naomba ushauri: kishikizo cha mkanda kwenye gitaa langu la umeme kimelegea

Habari zenu wakuu. Nina gitaa la umeme umbo la Stratocaster (lile lenye pembe mbili), nalipiga kanisani kila Jumapili. Kishikizo cha mkanda, kile cha kwenye pembe ya juu, kimelegea. Nikikaza skrubu inazunguka tu, haishiki. Jumapili iliyopita katikati ya pambio ikachomoka kabisa. Namshukuru Mungu mkono wa kushoto ulikuwa umeshika shingo, la sivyo gitaa lingetua kwenye saruji. Nilipoitazama ile skrubu nikakuta unga wa mbao umejaa kwenye nyuzi zake, maana yake tundu limeshapanuka.

Seremala wa mtaani kaniambia niweke skrubu nene zaidi. Nasita, kwa sababu pembe ile ni nyembamba na naogopa isije ikapasuka. Mpiga besi wetu anasema nichovye vijiti vya meno kwenye gundi ya mbao, nijaze tundu, nikate vinavyochomoza, nisubiri siku nzima ikauke, ndipo nirudishe skrubu ileile. Hii ndiyo inaniingia akilini.

Waliowahi kufanya hivyo, inadumu kweli kwa mtu anayepiga amesimama kwa muda wa saa mbili? Au ni bora nitoboe na kupachika kipande cha mbao ngumu? Kuna anayenishauri nitumie supaglu, ila sidhani kama itashika vizuri kama gundi ya mbao. Gitaa hili nimelidunduliza miezi minane, sitaki kubahatisha. Ibada ni Jumapili hii, na leo ni Jumatano.