Hadi diski niliyochomeka kwenye ruta inapotea katikati ya kukopi, na laptopu mpya haiioni kabisa

mzee_wa_folda

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimezunguka na hili tatizo mpaka nimechoka. Nina hadi diski ya nje ya TB 2, zile ndogo zisizo na chaja yake, inakula umeme wa USB. Nimeichomeka nyuma ya ruta ya nyumbani ili kila mtu aifikie kwa waifai, watoto waweke kazi zao za shule, mke wangu aweke picha, na tv icheze muvi bila kuhamisha hamisha fleshi. Mwanzo ilikwenda vizuri tu.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza, nikikopi folda kubwa kwenda kwenye diski inafika katikati inakwama halafu diski inapotea, hata nikiingia kwenye ukurasa wa ruta inaniambia hakuna kifaa cha USB, nikichomoa na kuchomeka tena inarudi. Faili ndogo ndogo zinapita bila shida. La pili, laptopu mpya ya Windows 11 haiioni kabisa, wakati laptopu ya zamani inaiona na tv inaiona na inacheza kila kitu.

Nimeshazima na kuwasha ruta, nimeirudisha kwenye setingi za kiwandani, nimeacha waifai nikatumia waya, hali ni ile ile. Nikiichomeka diski moja kwa moja kwenye laptopu inafanya kazi safi kabisa. Kinachonitia hofu ni kwamba humo ndimo zilimo picha zote za familia, za marehemu mama pia zimo humo, na sina kopi nyingine. Je, diski inakufa au ruta ndo mbovu?

kasi_juu

Mkuu hiyo ni fomati tu, yaani namna diski inavyopanga faili. Kama ni NTFS ibadilishe iwe FAT32, ruta nyingi zinaipenda FAT32. Fomati, rudisha vitu vyako, itatulia.

fundi_nyaya

Mzee wa folda tafadhali USIFOMATI. Mtu kasema picha za marehemu mama yake zimo humo na hana kopi, hatuwezi kumwambia aanze kwa kufuta. Kabla hujagusa kitu kingine chomoa diski kwenye ruta, ichomeke kwenye laptopu, kopi picha zote uziweke mahali pengine, hata kama ni ndani ya laptopu kwa muda. Ukimaliza hapo ndo tutafute ugonjwa. Halafu FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo muvi nzito na video ndefu zitagoma, utakuwa umeondoa shida moja umeleta nyingine.

Hayo matatizo yako ni mawili tofauti, usiyachanganye, ndo maana umezunguka sana. Hili la kupotea katikati ya kukopi mi naliona ni umeme. Diski ikiwa nzima kwenye laptopu halafu inaanguka kwenye ruta, tena inaanguka pale inapobebeshwa mzigo mzito, cha kwanza kushuku ni umeme. Poti ya USB 2.0 kwa kanuni yake inatoa miliampia 500, ya USB 3.0 inatoa 900, na hizi diski ndogo zinapoanza kuzunguka au kuandika mfululizo zinaweza kuvuta kuliko hizo 500. Laptopu nyingi zinavumilia, ruta nyingi hazina ziada hiyo. Soma maandishi kwenye adapta ya ruta yako. Ikiwa imeandikwa mfano 12V 1A basi ni wati 12 za kugawana ruta nzima, waifai ichukue yake, prosesa ichukue yake, halafu diski ikija kutaka 5V kwa ampia 0.9 hiyo ni wati 4.5 peke yake.

Sasa nijibu haya. Diski ikipotea, je waifai nayo inakatika kwa muda? Kama ruta nzima inazima na kuwaka yenyewe basi adapta imezidiwa au memori ya ruta imejaa. Kama waifai inabaki ila diski tu ndo inaondoka, shida ni poti, waya au umeme wa hiyo poti. Pia sogeza sikio karibu na diski wakati inakopi, ukisikia inazima mzunguko halafu inaanza upya, jibu umelipata. Lakini ukisikia inagonga gonga hata ikiwa kwenye laptopu, hapo diski yenyewe inaumwa, acha kila kitu uokoe picha.

Njia nyingine rahisi, chomeka fleshi kwenye poti hiyo hiyo, kopi folda ile ile. Fleshi inakula umeme kidogo sana. Ikipita bila kukwama, tafuta habu ya USB (kifaa cha kugawa poti moja ziwe kadhaa) yenye adapta yake ya ukutani, diski ichomeke kwenye habu na habu ichomeke kwenye ruta. Na usitumie waya mrefu mwembamba, umeme unapotelea njiani. Ukitaka kubadilisha adapta ya ruta, volti lazima ziwe zile zile na pini iwe ile ile, ampia ndo zinaweza kuzidi.

dada_wa_mtandao

Naunga mkono aliyesema usifomati. Mi niongezee hilo la laptopu mpya, maana hapo watu wengi wanapotezwa na tv.

Tv kuiona diski hakuthibitishi chochote kuhusu laptopu, kwa sababu tv nyingi zinapita njia ya DLNA, yaani ruta inatangaza orodha ya muvi na nyimbo na tv inazicheza. Laptopu inapofungua folda ya mtandao inapita njia nyingine kabisa inayoitwa SMB. Hiyo SMB ina matoleo, na ruta nyingi za zamani zinajua toleo la kwanza tu, SMB1. Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 ukiiweka upya haiji na SMB1 au inaiondoa yenyewe isipotumika, na Windows 11 ni hivyo hivyo. Laptopu yako ya zamani huenda SMB1 ilishawashwa siku nyingi ndo maana inaona. Ile mpya imekuja safi, haina, haioni.

Utaona watu wanakwambia nenda kwenye vipengele vya Windows uwashe SMB1 mambo yaishe. Ni kweli itafungua, ila mi sikushauri hata kidogo. Ile WannaCry ya Mei 2017 iliyofunga kompyuta za watu dunia nzima ilipita kwenye udhaifu wa SMB1 hiyo hiyo. Kilichoandikwa humo ni picha ambazo huwezi kuzipiga tena, usiache mlango wa namna hiyo wazi. Anza na ruta. Ingia kwenye ukurasa wake, angalia kama kuna apdeti ya programu yake, ruta kadhaa zilipata SMB2 kwa apdeti tu. Nyingine zina kitufe cha kuchagua toleo la SMB, kimejificha kwenye sehemu ya USB au ya kushea faili.

Pia usitegemee diski ijitokeze yenyewe kwenye orodha ya mtandao, ule ukurasa wa kuonyesha vifaa unategemea vitu vingi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mikwaju miwili ya nyuma halafu namba ya ruta, mfano \\192.168.1.1 kisha bonyeza ingiza. Tuletee ujumbe wa kosa NENO KWA NENO, usituambie tu imegoma. Ikiwa inalalamika kwamba ushirikishaji huo unahitaji SMB1 ni jambo moja, ikitaja wageni wasiojitambulisha ni jambo lingine, na ikitoa 0x80070035 maana yake haijaipata njia kabisa.

Na hakikisha laptopu iko kwenye waifai yenyewe na siyo ile ya wageni, maana waifai ya wageni mara nyingi imetengwa na vifaa vya ndani. Kama una ruta mbili zimeunganishwa, moja ya mtoa huduma na nyingine yako, angalia laptopu imepewa namba ya upande upi. Ukiwa 192.168.0 na diski iko 192.168.1 huenda msionane. Na kama unatumia VPN (programu inayopitisha intaneti yako njia ya siri), izime wakati unajaribu.

mzee_wa_folda

Asanteni sana sana. Picha nimeshazikopi, nimeweka kwenye laptopu na kopi nyingine kwenye hadi diski ya shemeji, moyo umetulia sasa.

Majibu: waifai haikatiki, diski peke yake ndo inapotea. Nimesikiliza, kweli inanyamaza halafu inaanza kuvuma upya, kugonga haigongi. Fleshi imepokea folda lote bila kukwama. Nimepata habu yenye umeme wake, nimekopi folda lile lile kubwa, limeisha lote!! Ila sasa diski inaonekana halafu baadhi ya folda zinakataa kuandikwa, naweza kusoma tu.

Kwenye laptopu nimeandika hiyo namba ya ruta, ujumbe unasema siwezi kufikia folda hii kwa sababu sera za usalama za taasisi yangu zinazuia wageni wasiojitambulisha. Mimi sina taasisi yoyote, hii laptopu ni yangu binafsi.

dada_wa_mtandao

Usishtuke na hilo neno taasisi, ndo wanavyoandika kwa kila mtu. Na hiyo ni habari njema maana laptopu imefika kwenye ruta na wameongea, tatizo siyo SMB1 tena. Ruta yako imewekwa iruhusu mtu yeyote aingie bila paswedi, na Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 inakataa kuingia kama mgeni. Laptopu ya zamani haikatai ndo maana inapita.

Dawa yake usiitafute kwenye laptopu. Nenda kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya kushea USB, zima kuingia bila jina, tengeneza jina la mtumiaji na paswedi, paswedi isiwe ile ya waifai wala ile ya kuingilia setingi za ruta. Halafu rudi kwenye laptopu uandike tena ile namba, ikikuuliza weka hilo jina na paswedi na utie tiki ikumbuke. Kama Windows inang'ang'ania jina la zamani, tafuta sehemu inayotunza paswedi kwenye paneli ya udhibiti, futa ile inayohusu namba ya ruta, jaribu tena. Kuna wanaobadilisha rejista (hifadhi ya setingi za ndani za Windows) ili Windows iruhusu wageni. Inafanya kazi, ila basi kila anayeingia kwenye waifai yako anaweza kufuta picha za mama.

Na ukiwa hapo hapo kwenye ukurasa wa ruta angalia kama FTP (njia ya kuhamisha faili) kutoka nje imewashwa. Kama huitumii ukiwa mbali, zima.

fundi_nyaya

Safi mzee. Hilo la kusoma tu bila kuandika limetokana na diski kukatika katikati ya kuandika. Kama ni NTFS imebaki na alama kwamba haikufungwa vizuri, na ruta nyingi zikiona hiyo alama zinaifungua kwa kusoma tu ili zisiharibu zaidi. Ichomeke kwenye Windows, fungua dirisha la komandi kama msimamizi, andika chkdsk E: /f (inakagua na kurekebisha diski), hiyo E ibadilishe iwe herufi ya diski yako. Iache mpaka imalize, usiichomoe hata ikichelewa. Ningekuwa na wasiwasi kukwambia hivi kama picha zingekuwa bado humo peke yake, ila umeshazitoa kwa hiyo endelea. Baada ya hapo kila ukitaka kuichomoa anza na kile kitufe cha kutoa kifaa kwa usalama kwenye ukurasa wa ruta.

Ikiwa kwenye Windows hapo hapo weka na programu ya CrystalDiskInfo uangalie afya yake, maana ikiwa kwenye ruta huwezi kuziona hizo taarifa. Ukiona sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri zinaongezeka, anza kutafuta diski nyingine mapema.

kasi_juu

Nimejifunza pia hapa, hilo la GB 4 sikulijua. Mzee na kasi ikoje sasa?

mzee_wa_folda

chkdsk imemaliza, imerekebisha vitu kadhaa, sasa naandika popote. CrystalDiskInfo inasema nzima. Na laptopu mpya imeingia kwa jina na paswedi bila kuleta ubishi, dada Mungu akubariki.

Kasi ndo hivyo, kwa waya haivuki MB 11 kwa sekunde, wakati diski ikiwa kwenye laptopu inapita 100. Ni kawaida hiyo au kuna kitu bado? Na usiku mtu wa kwanza kufungua folda anasubiri kidogo ndo ifunguke.

fundi_nyaya

Hiyo 11 inaniambia poti ya mtandao ya ruta au ya laptopu ni ya megabiti 100, ambayo ukigawanya kwa 8 ni MB 12.5 kwa sekunde, ukitoa gharama za njiani unabaki hapo hapo ulipo. Ikiwa zote mbili zimeandikwa gigabiti basi badilisha waya, waya wenye nyuzi nne tu zinazofanya kazi unashuka mpaka 100. Kama ruta yenyewe ni ya 100 hakuna setingi ya kuongeza, vitu vizito vikopi diski ikiwa kwenye laptopu, halafu uirudishe kwenye ruta.

Kusubiri kwa usiku ni diski inalala isipotumika, inahitaji sekunde kadhaa izunguke upya, siyo ugonjwa. Ikikukera, ruta nyingine zina sehemu ya kuongeza muda wa kulala. Na kama diski au habu ni ya USB 3.0, usiiweke imegusana na antena, hizo waya zinasumbua waifai ya 2.4 GHz, isogeze kidogo pembeni.

mzee_wa_folda

Waya ulikuwa ule wa zamani uliokuja na modemu, nimeweka mwingine na sasa inacheza kwenye MB 38. Diski nimeisogeza pembeni ya ruta. Ile kopi ya picha kwa shemeji naiacha huko huko kwake.